Mmenuniana kwa Sababu ya Diamond na Kiba?

Wiki hii maswali ya wachumba na mahari yatasubiri. Nina barua ya msichana mmoja wa Kilema ambayo imenikaa rohoni. Kisa chake ni cha nyumba nyingi, ila wengi wanaona aibu kukiandika kwa sababu kinaonekana cha kitoto.

Anafanya kazi Dar es Salaam. Desemba alipanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu, basi hadi Himo, kisha bodaboda mpaka juu, mizigo ya sikukuu magotini. Siku ya Krismasi, kisusio kimeshanywewa na nyama ziko motoni, kaka yake ambaye ndiye anayekaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na wazazi akafungulia sabufa uani na kuweka nyimbo za Ali Kiba, moja baada ya nyingine. Dada mtu ni wa Diamond damu damu, tangu enzi za "Kamwambie". Akachomoa flashi ya kaka, akachomeka yake. Utani ukaanza, wajomba wanacheka, watoto wanachagua upande. Kaka akasema Diamond si mwimbaji, ni mpiga kelele mwenye pesa. Akanogewa, akamtukana na mama mzazi wa msanii. Hapo dada naye akatoa lake: mtu aliyebaki mgombani atajuaje muziki wa dunia umefika wapi?

Baba yao aliweka kata ya mbege chini, akanyanyuka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo ndugu hawa hawajasemezana. Mwezi wa pili dada alituma pesa ya dawa za mama kwenye simu ya kaka, kama walivyozoea. Baada ya dakika chache ikarudi yote, bila neno hata moja. Dawa kaka alinunua kwa pesa yake.

Sasa ananiuliza: "Dada, yeye ndiye aliyeanza matusi. Kwa nini niombe radhi mimi?"

Utaomba wewe, mdogo wangu. Nakwambia mapema ili usisome hadi chini ukitafuta mahali nitakapokupa pa kukwepea. Kaka yako alimtukana mama wa mtu asiyemjua, na hilo ni kosa, nitamfikia. Lakini wewe ulimtukana yeye, mbele ya baba yake, na ulichokitukana ni maisha yake yote. Kwetu mtoto wa kiume anayeachiwa nyumba ya wazazi watu humwona mwenye bahati, kapata kihamba. Hawamwoni saa tisa usiku anamshika mama mkono kumpeleka Hospitali ya Kilema. Hawamwoni akikata majani ya ng'ombe kwenye mvua ya Aprili, wala akihesabu madebe ya kahawa ambayo bei yake hapangi yeye. Kila Desemba mnashuka kwenye mabasi na simu kubwa na hadithi za mjini, yeye anawachinjia, anawakokea moto, na katika siku hiyo moja ya kufungua sabufa yake uani kwake, unachomoa flashi na kumwambia amebaki mgombani.

Ndiyo maana pesa ilirudi. Kwake ilikuwa ni neno lile lile la Krismasi, safari hii limekuja kwa simu.

Lakini sitaki uelewe kwamba nakukataza kumpenda Diamond, au kubishana. Bishaneni! Watu wa nchi hii wamekuwa wakigawanyika kwa ajili ya muziki tangu babu zetu. Mapema karne iliyopita ngoma ya beni ilipoenea kutoka pwani, miji iligawanyika kati ya Marini na Arinoti, na watu walishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa mashairi ya kusutana. Dar es Salaam wapenzi wa taarab walikuwa na Egyptian na Al-Watan. Tanga kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Morogoro, mji mmoja tu, ulizaa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Mashindano hayo yalitupa nyimbo tunazozipiga mpaka leo, kwa sababu hakuna bendi iliyotaka kulala huku mwenzake katoa kali zaidi.

Muulize mzee wako kuhusu Sikinde na Msondo, na akuhadithie habari za Muhidin Maalim Gurumo. Hii nataka uijue vizuri, maana inakuhusu kuliko unavyodhani.

Gurumo aliimba NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa 1964. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikabadili jina, baadaye ikawa OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Gurumo alihama. Akajiunga na bendi mpya ya Mlimani Park, ambayo baadaye ikawa chini ya shirika la DDC, na watu wakaiita Sikinde. Hebu fikiria shabiki wa bendi ya zamani siku hiyo. Sauti yake kuu imevuka barabara! Kwenye vilabu na vijiwe watu waliitana wasaliti. Miaka ikaenda, Sikinde ikakolea, na mashabiki wake nao wakaamini Gurumo ni wao. Mwaka 1985 akahama tena pamoja na wenzake, akiwemo Hassani Bitchuka, kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound, wazee wa Ndekule. Kilio kikahamia upande wa pili. Na baadaye Gurumo alirudi kule kule alikotoka, Msondo, akaimba huko mpaka alipostaafu 2013.

Kwa hiyo mtu aliyemnunia jirani yake 1978 kwa sababu ya Gurumo, ilipofika miaka ya tisini alikuwa anacheza nyimbo za Gurumo yule yule kwenye bendi ile ile. Wanamuziki walikuwa wakihama kwa sababu ya mshahara, ya vyombo, ya kutoelewana na viongozi, mambo ya kazi kama yako na yangu. Usiku wa mpambano wanatambiana jukwaani, kukicha wanazikana. Wa pande zote mbili walijuana. Waliobaki na chuki ni mashabiki.

Na sasa sikiliza hii, wewe wa Diamond na kaka yako wa Kiba, kaeni nayo wote wawili. Gurumo alipostaafu baada ya kuimba kwa miaka ipatayo hamsini, hakuwa na gari. Agosti 2013, siku ya kuzindua video ya "Number One", Diamond alimkabidhi mzee yule gari. Kijana wa Tandale aliyezaliwa 1989, Gurumo akiwa tayari amekwisha kupita bendi kadhaa. Gurumo alifariki Aprili 2014. Mimi nikiulizwa ni kitu gani Diamond amekifanya nikakipenda kuliko vyote, sitaji wimbo. Nitataja hiyo siku. Na mwambie kaka yako kwamba kukubali hilo hakumwondoi kwenye timu yake.

Ugomvi wenu wa sasa nao nimeufuatilia muda mrefu. Ali Kiba ndiye aliyetangulia. "Cinderella" ilikuwa inapigwa kila harusi wakati Diamond hajulikani. Mwaka 2010 Kiba alikuwa Mtanzania pekee kwenye One8, ule mradi wa wasanii wa Afrika pamoja na R. Kelly. Kisha akanyamaza, na katika ukimya huo Diamond akapanda: 2014 alizoa tuzo saba za Kili kwa usiku mmoja. Mwaka huo huo Kiba akarudi na "Mwana", na nchi ikapasuka. Kwenye Fiesta ya 2014, pale Leaders Club, Diamond alizomewa na umati huku watu wakiliita jina la mwenzake. Mwaka 2015 Diamond akachukua tuzo ya MTV Ulaya ya msanii bora wa Afrika, na 2016 tuzo hiyo hiyo ikaenda kwa Kiba. Na 2019, Diamond alipomwalika Kiba kwenye tamasha la Wasafi, Kiba akamjibu hadharani kwa mfano wa mtoto wa darasa la pili anayekuibia penseli kisha anakusaidia kuitafuta. Nchi nzima ilicheka wiki nzima, wa timu zote mbili.

Kilicho moyoni mwao hao wawili ni chao. Ninachokiona mimi kwa macho ni kwamba leo kila mmoja ana lebo yake na kituo chake cha redio, Wasafi huku na Crown kule, na kila mkipandishana pumzi ninyi, kuna wimbo unasikilizwa na tangazo linauzwa. Bifu linalipa. Kiki inalipa. Wewe na kaka yako ndio mnaolipia, na mmelipa kwa miezi ya kutosalimiana.

Nasi hatuko peke yetu. Uingereza, Agosti 1995, bendi mbili za roki, Oasis na Blur, zilitoa nyimbo siku moja, na watu wakaulizana barabarani wewe ni wa nani. Blur wakauza zaidi wiki ile. Mwimbaji wa Oasis, Liam Gallagher, watu walimpenda au walimchukia, katikati hapakuwa na mtu. Mwaka 2009 akagombana na kaka yake Noel, aliyekuwa mtunzi wa nyimbo, bendi ikavunjika, na mashabiki wa Oasis wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Haya, 2017 Noel akaonekana akishiriki kwenye wimbo wa Damon Albarn, yule yule wa Blur. Na 2025 ndugu wawili wakapanda jukwaa moja tena, Cardiff. Wenye ugomvi wamemalizana. Nawafikiria waliovunja urafiki wao kwa sababu yao.

Hata mama zetu wadogo walipita humu. Miaka ya tisini kwenye taarab ilikuwa vikundi vya TOT na Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis, na mwanamke alivaa khanga ya kumpasha jirani wa upande wa pili. Kopa mwenyewe aliimba pande zote mbili. Na binti yake, Zuchu, ametokea kwenye lebo ya Diamond.

Kuna jambo nimeligundua kwa kusoma barua zenu. Mtu hamchagui mwimbaji kwa sikio peke yake. Anamchagua kwa maisha yake. Wewe uliyeondoka Kilema na begi moja ukaenda kupanga chumba Dar, unapomwona Diamond unaona mtoto wa Tandale aliyelelewa na mama peke yake, akauza mitumba, akauza pete ya mama yake apate pesa ya studio. Unajiona. Kaka yako aliyekaa, ambaye hapigi kelele wala hana wa kumpiga picha, anamwona Kiba: mtu mtulivu, sauti tupu, anayesahauliwa kisha anarudi na kuwanyamazisha wote. Anajiona naye. Kwa hiyo aliposema Diamond ni kelele, wewe ulisikia juhudi zako zinaitwa kelele. Na wewe ulipochomoa flashi, yeye alisikia ananyamazishwa. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwa anazungumzia muziki pale uani.

Ndiyo maana ubishi wa namna hiyo hauishi. Mmoja anatoa idadi ya watazamaji na tuzo na kolabo za Nigeria, mwingine anatoa sauti na utunzi. Ni sawa na watu wawili wanaopima gunia moja la mahindi, huyu kwa mizani na yule kwa rula, halafu kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Ukitaka kubishana uridhike, kubalianeni kwanza mnapima nini. Nani anaimba vizuri zaidi bila ala? Nani ameandika wimbo ambao bibi anaweza kuuelewa? Nani ameufikisha muziki wa Bongo mbali zaidi? Hayo ni maswali matatu, na hakuna sheria kwamba jibu liwe jina moja. Mimi sauti nampa Kiba. La tatu nampa Diamond, na asiyemkubali kwenye hilo nadhani anajisumbua bure. La pili mniruhusu niseme bado hakuna aliyemfikia Mbaraka.

Na wimbo usikilizwe mpaka mwisho. Huu mtindo wa kukata wimbo wa mwenzako kwenye kiitikio ndio unaoleta maneno. Nyumba yenye sabufa moja iweke zamu: huyu anapiga tatu, yule tatu, na anayesikiliza hasemi mpaka wimbo uishe. Utashangaa ni mara ngapi ulichokuwa unakichukia hujawahi kukisikia.

Kumpenda msanii pia kusikufanye wakili wake. Novemba 2018 BASATA ilipoufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa maneno yake, niliona mabinti wanautetea wimbo ule ambao wasingekubali uimbwe mbele ya baba zao. Ungeweza kusema: huyu ni wangu, na huu wimbo siutaki. Hakuna kadi ya uanachama itakayonyang'anywa. Vivyo hivyo kwa kaka yako. Akiona Kiba ametoa wimbo uliopoa, aseme umepoa. Ushabiki wa kukubali kila kitu ni uchawa, na chawa angalau wengine hulipwa.

Kuna mpaka mmoja tu ambao sitaulegeza: mama wa mtu, watoto wa mtu, ndoa ya mtu, maumbile ya mtu. Msanii ameuza wimbo, basi uchambueni wimbo. Mama yake hajauza kitu. Na ninyi mnaoyamwaga matusi hayo kwenye simu mkidhani ni uwanja wa mwituni, kumbukeni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na polisi hawaulizi wewe ni timu gani.

Haya, mdogo wangu, turudi kwako. Usimtumie ujumbe. Ujumbe utasomwa kwa sauti ambayo siyo yako. Usiandike kwenye grupu la ukoo pia, maana ataonekana amelazimishwa kusamehe mbele ya mashangazi wote. Na usikate sale, jani letu la kuombea msamaha. Najua mtu kakushauri hivyo, kwa sababu umeniuliza kama inafaa. Sale ni ya mambo mazito, ya damu na ya ardhi, wakubwa wakae waongee. Ukiipeleka kwa ugomvi wa flashi unamwekea kaka mzigo ambao hawezi kuukataa, na msamaha wa kulazimishwa utakutana nao Krismasi ijayo.

Panda nyumbani. Usisubiri Desemba, mnapopanda nyote ndipo mnapoharibikiana. Omba ruhusa Ijumaa moja, ukifika mkute shambani au zizini, chukua panga au ndoo, fanyeni kazi kwanza. Kisha sema neno moja, na liwe hili la mgombani: kwamba ulikosea kusema vile, na kwamba kama asingebaki yeye wewe usingeweza kukaa Dar ukalala usingizi. Hiyo sentensi ya pili ndiyo kubwa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Diamond usimtaje kabisa. Usiongeze "lakini na wewe". Akinyamaza, nyamaza naye, endelea na kazi. Jioni mwende wote kwa baba, maana yeye ndiye aliyeingia ndani, na yeye naye anadai neno.

Pesa ya dawa zungumzeni wakati mwingine, siku mkiwa mmetulia, na mpange upya. Huenda hataki kuwa wakala wako wa kupokea na kutoa. Muulize yeye anaonaje. Pengine ni bora pesa iende kwa mama mwenyewe, au wewe ubebe kitu kizima, kama gharama za kliniki, yeye abebe kingine.

Nawe kaka, najua dada zako hukusomea ukurasa huu hata ukijifanya hutaki. Kuumizwa kwako kulikuwa kwa kweli na sitakupunguzia hata kidogo. Lakini yule mama uliyemtukana alimlea mwanawe peke yake Tandale, na wewe unajua vizuri kuliko sisi sote mama ni nini. Na pesa uliyorudisha haikuwa yako kuirudisha. Dada yako akija, usimkimbilie kumwambia yameisha kabla hajasema, mwache aseme lote. Kisha mpe kazi ya kushika kamba ya ndama, na jioni uweke "Mwana" kwenye sabufa, uisikilize yote. Zamu yake ikifika, flashi usiiguse.